Mdomo wa Pampu

Chukua kioo cha chupa ya chai, kile kinachouzwa peke yake madukani cha zamani kikivunjika, kisha ukigeuze chini juu. Utaona kinundu kidogo chenye ncha, kama kitovu. Hapo ndipo hewa iliyokuwa kati ya kuta mbili za kioo ilipotolewa, halafu kioo kikayeyushwa na kuzibwa. Chai hubaki ya moto kwa sababu kati ya kuta hizo hakuna hewa ya kutosha kulibeba joto kulipeleka nje. James Dewar alibuni chupa ya namna hiyo London mwaka 1892 akitaka mahali pa kuhifadhia gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Sisi tukaipeleka shambani, msibani na wodini.

Pampu iliyotengeneza ombwe hilo haikuja na chupa. Ilibaki kiwandani. Kwa muda mrefu ombwe limesafiri hivyo: linatengenezwa penye pampu, linafungwa, ndipo linabebwa. Balbu ilisafiri hivyo, valvu ya redio ikasafiri hivyo, bomba la eksirei likasafiri hivyo. Lakini kuna kazi ambazo ombwe la kufunga na kubeba halizitoshi. Chombo kinachopima gesi moja baada ya nyingine, au hadubini ya elektroni inayofunguliwa kila siku kuwekewa sampuli mpya, kinahitaji pampu ikiwa hai ubavuni mwake. Pampu ikiwa kubwa kama kabati, chombo hakiondoki maabara, na aliye mbali na maabara hubaki akisubiri majibu kwa posta.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya jinsi pampu hizi zilivyopunguzwa umbo bila kupoteza uwezo wake. Kila mara nakuta waliofanikiwa walianza kwa kuuliza kitu gani hakipunguziki hata kidogo. Walikiacha hicho, wakapunguza vingine vyote.

Mwanzoni hakuna aliyeuliza swali hilo, kwa sababu pampu ilikuwa suala la misuli. Katika miaka ya 1650 Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg nchini Ujerumani, alijaza maji kwenye pipa la bia, akalifunga vizuri, akawaambia watu wake wayatoe maji kwa pampu. Alitumaini kwamba maji yakitoka kitakachobaki ndani ni utupu. Hewa ikapenya kwenye mbao kwa mlio wa kuchemka. Akahamia kwenye tufe la shaba, nalo likabonyea kama kopo lililokanyagwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1657 aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba lenye upana wa karibu nusu mita, akatoa hewa ndani, akafunga farasi wanane upande huu na wanane upande ule. Walitoka jasho kwelikweli.

Watazamaji wengi waliondoka wakiamini kwamba utupu una nguvu ya kuvuta. Ndani ya tufe hakukuwa na kitu cha kuvuta chochote. Hewa ya nje ndiyo iliyokuwa imeziegemea zile nusu mbili kwa uzito wa karibu tani mbili. Torricelli alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1644 kwamba hewa ina uzito wa kuinua zebaki hadi sentimita 76 ndani ya bomba la kioo. Hata hivyo wazo la kwamba pampu huvuta lilidumu, na limo hadi leo katika lugha yetu: tunasema pampu inavuta maji, inavuta hewa.

Fikiria kituo cha mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Mlango ukifunguliwa, huhitaji kumvuta mtu. Umati unasukumana wenyewe mpaka ndani ya basi. Hewa ya kawaida iko hivyo. Kila molekuli husafiri umbali mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kabla ya kugongana na jirani. Pistoni ikirudi nyuma na kuacha nafasi, molekuli zilizo karibu husukumwa na za nyuma yao hadi zijae pale.

Sasa fikiria kituo hichohicho saa nane usiku, abiria mmoja akirandaranda kutoka ukuta hadi ukuta. Unaweza kufungua mlango upendavyo. Asipopita mwenyewe mbele yake, hataingia. Hewa ikipunguzwa hadi ibaki sehemu moja kwa bilioni, kila sentimita moja ya ujazo bado ina molekuli bilioni 25, lakini kila moja inaweza kwenda zaidi ya mita 60 bila kumgonga mwenzake. Ndani ya chombo chenye upana wa nusu mita, maana yake zinagonga kuta tu. Hakuna wa kuisukuma nyingine. Pampu ya ombwe la juu haivuti. Hukaa mlangoni ikingoja, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba molekuli iliyoingia kwa bahati haitoki tena.

Mafundi wa karne ya 19 walilikaribia jambo hili kwa njia ya zebaki. Heinrich Geissler, mfua vioo wa Bonn, alitengeneza pampu ya zebaki mwaka 1855. Mwaka 1865 Hermann Sprengel, Mjerumani aliyefanya kazi London, akaja na iliyo rahisi zaidi kuieleza: zebaki inadondoka tone baada ya tone ndani ya bomba jembamba la kioo, na kati ya tone na tone kunanaswa kiputo cha hewa kinachoteremshwa hadi chini. Hakuna pistoni, hakuna ngozi ya kuziba inayochakaa. Kuna subira tu. Mwaka 1879 huko Menlo Park, Marekani, karakana ya Thomas Edison iliunganisha mbinu za Geissler na Sprengel, na kijana Francis Jehl alikuwa miongoni mwa waliokesha na pampu hizo za zebaki mpaka balbu ya uzi wa kaboni ikadumu ikiwaka. Walikuwa wakipumua mvuke wa zebaki, sumu inayoingia mwilini polepole na kuathiri neva.

Pampu ya Sprengel ilikuwa na ubishi wake: haikuweza kufupishwa. Bomba la kudondoshea zebaki lilipaswa kuwa refu kuliko sentimita 76, kwa sababu huo ndio urefu wa zebaki unaoinuliwa na hewa ya nje. Likiwa fupi kuliko hapo, hewa huirudisha zebaki juu hadi kwenye chombo. Ufundi uwe mzuri namna gani, kimo cha pampu kiliwekwa na uzito wa anga. Mtu aliyetaka pampu fupi hakuwa na la kuboresha. Ilimbidi aache zebaki inayodondoka na atafute kanuni nyingine kabisa.

Kanuni hiyo ilitoka kwa Wolfgang Gaede, Mjerumani ambaye maisha yake karibu yote yalikuwa pampu. Mwaka 1913 alichapisha maelezo ya pampu iliyosimama juu ya wazo moja: molekuli inapogusa ukuta haidundi kama mpira. Hukaa kidogo, kisha huondoka. Kama ukuta wenyewe unakimbia, molekuli huondoka ikiwa imebeba sehemu ya mwendo wa ukuta. Basi zungusha silinda kwa kasi ndani ya kasha, na molekuli zitaburutwa kuelekea mahali pa kutokea.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa karakana. Molekuli za hewa kwenye joto la chumba hukimbia kwa wastani wa karibu mita 470 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta unaotembea taratibu haziuhisi. Na kati ya silinda inayozunguka na kasha lake palitakiwa nafasi nyembamba kama unywele, la sivyo molekuli hurudi zilikotoka. Vumbi likiingia au chuma kikitanuka kwa joto, silinda inagusa kasha na pampu inakwama. Wazo lilikuwa limewahi kuliko vyuma vya wakati wake.

Gaede mwenyewe ndiye aliyelifunika kwa wazo jingine. Mwaka 1915 alieleza pampu ya mvuke, na mwaka 1916 Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric akaipa umbo lililofanya kazi vizuri zaidi. Zebaki huchemshwa, mvuke wake hutoka kwa kasi kama maji ya bomba la bustani, na molekuli ya hewa inayokatiza mbele yake hupigwa kuelekea chini. Mwaka 1928 C. R. Burch, akiwa Metropolitan-Vickers huko Manchester, alionyesha kwamba mafuta maalumu yanaweza kuchukua nafasi ya zebaki. Hakuna kinachozunguka wala kinachochakaa. Kwa miongo kadhaa pampu hii ya mafuta ilitawala viwanda na maabara, na bado ipo.

Ina masharti yake pia. Lazima isimame wima. Huhitaji maji ya kupoza kuta, na muda wa kupasha mafuta kabla ya kuanza. Umeme ukikatika, pampu ya maji husimama wakati mafuta bado ya moto, na mvuke uliokosa ukuta wa baridi hupanda hadi ndani ya chombo na kuchafua kila kitu. Mhandisi wa Manchester aliweza kulipuuza hilo. Penye mgao wa umeme halipuuziki.

Nililielewa nilipokuwa msaidizi katika maabara ya fizikia ya chuo kimoja. Tulikuwa na mtambo wa kupaka alumini kwenye vipande vya kioo, wenye pampu ya mafuta ya lita 100 kwa sekunde. Ilikuwa inachukua mchana kutwa kufikia ombwe lililotakiwa, na siku nyingi umeme ulikatika alasiri, kazi ikarudi mwanzo. Uamuzi uliokuwa mezani ulikuwa kununua pampu kubwa mara kumi. Bei yake ilizidi fedha zote za utafiti za mwaka ule, na mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa amebakiza miezi michache ya ufadhili. Fundi sanifu wetu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alimkuta akiwa amejiinamia kando ya mtambo.

"Shikamoo, Mzee. Tunasubiri pampu kubwa," mwanafunzi alimwambia.

"Marahaba. Itakaa wapi?"

"Palepale ilipo hii."

"Basi subiri tu, mwanangu. Utaendelea kusubiri hata ikija."

Akaomba rula. Pampu ilikuwa imewekwa chumba cha pili, kwa sababu ya joto na kelele, na kuunganishwa na mtambo kwa bomba la urefu wa mita moja na upana wa sentimita mbili. Akaandika hesabu kwa chaki sakafuni. Kwenye ombwe la juu, uwezo wa bomba refu kupitisha hewa hufuata upana wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, ukigawanywa kwa urefu. Bomba lile lingepitisha chini kidogo ya lita moja kwa sekunde. Ukiweka nyuma yake pampu ya lita 100, mtambo unapata karibu lita moja. Ukiweka ya lita 1,000, unapata lita moja ileile.

Waliisogeza pampu chini ya mtambo na kuchonga bomba la sentimita nne kwa upana na ishirini kwa urefu. Hilo hupitisha karibu lita 30 kwa sekunde, na mtambo ukapata zaidi ya 20 kutoka kwa pampu ileile. Kazi ikawa inamalizika kabla ya saa sita mchana, umeme ukiwa bado upo. Mwanafunzi akamaliza tasnifu yake.

Hapo ndipo umbo dogo linapopata maana yake. Kwenye ombwe la juu, pampu kubwa iliyo mbali hushindwa na ndogo iliyo mlangoni. Udogo unaifikisha pampu pale ambapo uwezo wake hautaliwa na bomba. Kwa hiyo kupunguza umbo ni sehemu ya uwezo wenyewe, mradi kitu kimoja kisiguswe: mdomo. Kwa hewa ya joto la kawaida, kila sentimita moja ya mraba ya mlango hupitiwa na lita 11.6 kwa sekunde, hazizidi. Mdomo wenye upana wa sentimita kumi hauwezi kumeza zaidi ya lita 910 hivi, hata nyuma yake kuwe na nini. Hakuna mota wala mafuta yatakayoivunja sheria hiyo, kwa sababu kinachoamua ni mwendo wa molekuli zenyewe. Ukiufinya mdomo, umepoteza. Nyuma ya mdomo ndipo pa kubana.

Aliyefungua njia hiyo hakuwa akitafuta pampu ndogo. Katikati ya miaka ya 1950, Willi Becker wa kampuni ya Arthur Pfeiffer mjini Wetzlar, Ujerumani, alitaka kuzuia mvuke wa mafuta usirudi kwenye chombo. Akajaribu kuweka gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi juu ya pampu ya mafuta, liupige chini mvuke unaotaka kupanda. Gurudumu likageuka kuwa pampu lenyewe. Mwaka 1958 alitangaza pampu ya turbo: safu za mapanga yanayozunguka, zikipishana na safu za mapanga yaliyotulia. Ni kama pangaboi nyingi zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, ila hazipepei upepo. Kila panga humpiga mgeni mmojammoja.

Mapanga yalimwondolea Becker kero iliyomkwamisha Gaede. Ilitosha kuacha nafasi ya milimita moja hivi, kwa sababu pampu haikutegemea tena ufinyu wa pengo. Ilitegemea uwezekano: molekuli inayotoka upande wa juu ina nafasi kubwa ya kupita kati ya mapanga kuliko ile inayojaribu kurudi kutoka chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Kruger na Ascher Shapiro wa chuo cha MIT waliuhesabu uwezekano huo, wakaonyesha jinsi pembe ya panga na nafasi kati ya mapanga vinavyouamua. Kuanzia hapo mbunifu aliweza kuchagua. Safu za mbele ziwe na mapanga marefu yaliyoachana, ili mdomo ubaki wazi na umeze kwa wingi. Safu za nyuma ziwe fupi, zilizolala na kubanana, kwa sababu gesi ikishabanwa haihitaji nafasi kubwa. Mbele pampu ni pana, na kuelekea mkiani inaweza kusinyaa.

Kilichobaki ni kasi, na hapa kupunguza umbo kuna bei. Panga humsaidia mgeni pale tu mwendo wake unapokaribia mwendo wa molekuli. Gurudumu la sentimita kumi likizunguka mara 60,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya mita 310 kwa sekunde. Lipunguze liwe la sentimita tano, na ili ncha ikimbie vilevile utahitaji mizunguko 120,000. La sentimita tatu litadai 200,000 hivi. Kadiri unavyopunguza umbo ndivyo beringi inavyoteseka, na kasoro ndogo ya uzito upande mmoja wa gurudumu inavyogeuka kuwa mtikisiko wa kuvunja. Ndiyo maana historia ya pampu ndogo ni historia ya beringi pia: za chuma, za kauri, na, kuanzia miaka ya 1970, za sumaku, ambamo gurudumu huelea bila kugusa kitu.

Tena kulikuwa na mkia. Pampu ya turbo haiwezi kutema moja kwa moja kwenye hewa ya kawaida. Inahitaji pampu saidizi ya kupokea inachotema, na hiyo ilikuwa nzito, ya mafuta na yenye kelele. Ni kama kununua pikipiki inayokulazimisha kuvuta trela. Dawa ilikuwa ya Gaede, iliyosubiri tangu 1913. Mwanafizikia wa Paris Fernand Holweck alikuwa ameiboresha katika miaka ya 1920, kwa silinda laini inayozunguka ndani ya kasha lenye mifereji iliyopinda kama nyuzi za skrubu. Holweck hakuiona ikishinda. Mwaka 1941, Ufaransa ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, alikamatwa na Gestapo akafia mikononi mwao. Miongo kadhaa baadaye wabunifu waliichukua silinda yake wakaiweka kwenye mkia wa turbo, juu ya mhimili uleule. Karakana sasa ziliweza kuchonga lile pengo la unywele, na mkiani, ambako gesi imeshabanwa, mdomo mwembamba wa Holweck haukudhuru. Pampu ikaweza kutema kwenye hewa nzito zaidi, na saidizi ikapungua hadi kijipampu cha utando wa mpira kinachobebeka kwa mkono mmoja.

Ushahidi ninaoupenda wa ndoa hiyo uko kwenye sayari ya Mars. Gari la Curiosity lilitua kwenye kreta ya Gale mwezi Agosti 2012 likiwa na maabara iitwayo SAM, inayopasha moto unga wa mawe na kupima gesi zinazotoka. Ndani yake mna pampu mbili ndogo zilizotengenezwa na kampuni ya Creare ya New Hampshire, Marekani, ambazo mizunguko yake hufikia laki moja kwa dakika. Zina mapanga ya Becker mbele na mburuto wa Gaede nyuma. Pampu saidizi hazina. Hewa ya Mars ni nyepesi mno, chini ya sehemu moja ya mia ya hewa yetu, kwa hiyo zinatema nje moja kwa moja. Sayari yenyewe inafanya kazi ya trela. Mwaka 2018 wanasayansi wa SAM walitangaza kwamba mawe ya tope yenye umri wa karibu miaka bilioni tatu yana molekuli za kaboni changamano. Jibu hilo lisingepatikana kama mawe yangepaswa kusafirishwa hadi penye pampu.

Kuna njia ya pili, iliyoanza kwenye sebule zetu. Walioziona redio za valvu zikifunguliwa wanaikumbuka ile rangi ya fedha ndani ya kioo cha valvu. Hilo si pambo. Ni bariamu iliyopashwa moto baada ya valvu kufungwa, ikatanda kwenye kioo, na kazi yake ni kunasa kila molekuli ya hewa itakayovuja au kutoka kwenye vyuma kwa miaka yote ya redio. Fundi aliijua valvu iliyopasuka kwa kuitazama tu: fedha imegeuka nyeupe kama maziwa. Ile rangi ni pampu. Haina mota, haizunguki, na haitemi chochote kwa sababu hukibakiza kila ilichokishika.

Kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilifika mbali zaidi na wazo hilo. Mtambo wa LHC hukimbiza protoni ndani ya mabomba membamba kwenye handaki la kilomita 27. Bomba refu na jembamba ni adui yuleyule wa maabara yetu: uweke pampu kubwa kiasi gani kwenye ncha, katikati hewa itabaki. Cristoforo Benvenuti na wenzake walipaka ndani ya mabomba yasiyopozwa, jumla ya karibu kilomita sita, utando wa titani, zirkoni na vanadi wenye unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Bomba likipashwa moto hadi kama nyuzi 200 kwa siku moja, utando huamka na kuanza kunasa gesi. Ukuta uliokuwa ukizuia umekuwa mdomo, na mdomo huo una urefu wa kilomita. Pampu imepunguzwa hadi ikawa rangi ya ukutani.

Ina bei yake. Utando hushiba na hauna hamu na gesi zisizoungana na kitu, kama heli na argoni. Hata LHC huhitaji pampu nyingine ndogo za kuzikusanya hizo. Pampu za turbo nazo huihofia heli: molekuli zake hukimbia zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, kasi ambayo mapanga hayaikaribii, hivyo nyingi hurudi zilikotoka.

Naitaja heli kwa sababu iko kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heli nyingi. Gesi hiyo hububujika kwenye chemchemi za maji ya moto, na kuipima vizuri kunahitaji spektromita ya masi, chombo kisichofanya kazi bila ombwe la juu. Kwa kawaida sampuli za gesi za namna hiyo hukingwa ndani ya bomba la shaba, likabanwa ncha zote mbili lisivuje, kisha likasafirishwa hadi maabara ya mbali. Ni safari ya chupa ya Dewar ikigeuzwa: zamani ombwe lilifungwa likaletwa kwetu, sasa gesi yetu inafungwa ikapelekwa lilipo ombwe. Aliyeichota hukaa wiki kadhaa bila kujua amechota nini, na kama alipaswa kuchota mita mia moja upande wa pili.

Spektromita za kubebeka zipo, na pampu zake zimo ndani ya sanduku moja na chombo chenyewe. Atakayebuni iliyo imara kwa vumbi la Rukwa, kwa betri ya gari na kwa gesi nyepesi kuliko mapanga yake, ataanza palepale walipoanzia wenzake: apime mdomo kwanza, auache ulivyo, ndipo aanze kupunguza.